Maboti Yasiyooza

Miaka yote niliyomuuzia chai, Fundi hakukaa kwenye benchi langu. Alisimama nje ya kibanda, kando ya ndoo ya kunawia, kikombe mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameuweka nyuma kama askari anayekaguliwa. Ukimwambia karibu ukae, anajibu, "Nimekaa." Amekaa wapi, na mtu amesimama? Wateja wageni walidhani anaringa. Hata mimi mwanzoni nilimwona ana dharau, nikawa namjazia kikombe nusu, maana watu wa dharau siwapendi. Kumbe alikuwa anatuhurumia. Nguo zake zilijaa vumbi la maboti, na vumbi lile likikugusa ngozi utajikuna mpaka kesho.

Ndiyo, maboti, tena Makambako. Cheka tu, nimezoea. Mji wetu una reli, una malori ya Songea na ya Mbeya, una baridi ya kutosha kugawia mikoa mingine, lakini maji ya kuelea boti hatuna. Hata hivyo, nyuma ya kibanda changu palikuwa na uwanja uliojaa maboti yaliyokufa, na mwenye uwanja alikuwa yeye. Mafundi mjini ni wengi, wa viatu, wa redio, wa injini, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani.

Maboti yalitoka Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, alikotoka mwenyewe. Yalikuwa maboti ya faiba, yale yanayoundwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi mpaka zikakauka na kuwa ngumu. Yalipandishwa mlimani na malori yanayoleta vyungu na usipa, wale dagaa wa Nyasa. Wenye malori ni wajanja: vyungu walivipanga ndani ya boti na majani makavu katikati, visigongane. Basi boti linafika kwetu limejaa vyungu, akina mama tunalizunguka, tunagonga vyungu kwa vidole kusikiliza kama vina ufa, tunachagua, tunagombana. Likibaki tupu ndipo Fundi analivuta uani kwake. Safari ya mwisho ya kila boti ilikuwa ya nchi kavu, kupanda mlima, limebeba vyungu. Nilimwambia siku moja kwamba kwa boti, safari hiyo ni aibu. Akasema aibu ni kubaki ufukweni.

Habari za ufukweni alinisimulia kidogo kidogo, maana hakuwa mtu wa kumaliza jambo kwa mkupuo mmoja. Ujanani aliajiriwa na mradi fulani wa kuunda maboti. Aliyaunda, na pia aliyanadi. Alipita vijiji vya ziwani akiwashawishi wavuvi waache mitumbwi ya miti. Alibeba kipande cha ubao na kipande cha faiba, vyote viwili vimelala kwenye tope msimu mzima. Ubao aliuvunja kwa vidole mbele ya watu. Faiba alimpa mzee yeyote aliyejiona ana nguvu, aipige kwa shoka. Mzee anapiga, shoka linaruka, watu wanashangilia. "Hili haliozi," anawaambia. "Utakufa wewe, mjukuu wako atalivulia."

Watu wakanunua. Na kweli halikuoza. Lilipasuka, likalainika tumbo, likaanza kuvuja, likawa halifai tena kuvulia, lakini kuoza halikuoza. Mtumbwi wa mti ukichakaa unapasuliwa kuni, maharage yanaiva, habari imekwisha. Boti la faiba likichakaa linabaki palepale mchangani. Watoto walikatwa miguu na kingo zake. Kijiji kimoja walijaribu kulichoma moto, moshi mweusi ukaingia nyumba hadi nyumba na watu wakabaki na kikohozi. Kisha Fundi akaenda kwenye msiba wa ukoo wao. Walipotoka kuzika, mzee mmoja wa ukoo alimshika mkono, akamgeuza kuelekea ziwani, yalikolala maboti. Akamwambia, "Sisi wetu tumeshamzika. Wewe maiti zako utazika lini?"

Neno hilo lilimkaa. Aliniambia kwamba usiku ule hakulala, na kulipokucha alikwenda kwa yule mzee akaapa. Hatatulia mpaka kila boti aliloliuza limetoka ufukweni na limepotea umbo. Kulitoa tu hakukumtosha, sharti lipotee umbo. "Likiwa na sura ya boti," alisema, "bado linanisema."

Hiyo ndiyo kazi niliyomwona akiifanya, na hiyo ndiyo kazi iliyomla kifua.

Alikata. Tumbo la boti lilitoa hori la nguruwe au birika la kunyweshea ng'ombe. Ubavu ulitoa milango ya vyoo na vifuniko vya mizinga ya nyuki. Vipande vidogo alivipondaponda, akavichanganya na saruji na kokoto, akafyatua vigingi vya uzio. Vigingi vyake vilipendwa na wenye mashamba ya maparachichi kwa sababu mchwa walivishindwa. Hakutupa kitu. Siku moja nilimwona ameinama anaokota vipande vyenye ukubwa wa ukucha. Nikamuuliza, "Fundi, na hivyo?" Akanijibu, "Binti, kwetu Ludewa, pale Liganga, chuma kiko chini na watu wanahangaika kukileta juu. Mimi nina kitu kiko juu nahangaika kukipeleka chini. Niache." Mimi nina wajukuu, lakini aliniita binti mpaka mwisho, na sikumkataza.

Sasa niwaambie kisa cha majoho. Wakati ule nilikuwa nafua majoho ya kwaya ya usharika wetu. Jumamosi moja nikayafua, yakang'aa, nikayaanika kwenye kamba iliyopakana na uwanja wa Fundi. Naye siku hiyo alikuwa anakata boti, jua linawaka, upepo unavuma kuja kwangu. Mimi sijui hili wala lile. Jumapili kwaya ikasimama. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kujikuna shingo. Wa tatu, sauti ya nne yote inajisugua migongo, mmoja kashika nguzo ya kanisa anajikuna kama ng'ombe. Mwalimu wa kwaya anapunga mikono kwa nguvu, huku naye anajikuna makwapa. Bibi mmoja wa benchi la mbele akanyanyua mikono juu, akalia, "Roho ameshuka!" Na sisi ni Walutheri, jamani, mambo hayo hatuyazoei. Mimi kule nyuma moyo ukaniambia, huyu si Roho, huyu ni Fundi.

Nilimfuata nikiwa na nguo zangu za kanisani. Nilimtukana, sitaficha. Nilimwita mchawi, nilimwambia arudishe upupu wake ziwani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Yalete." Akayachukua majoho yote, akaenda nayo mtoni mwenyewe, mwanamume mtu mzima, akayasuuza, akayaanika majanini upande wa pili wa mji, akayasuuza tena. Alipoyarudisha, vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Kwaya ikavaa, ikaimba, hakuna aliyejikuna. Kuanzia hapo nilimjazia kikombe mpaka juu.

Na kuanzia hapo akawa mtu wa mvua. Mvua ikianza Makambako kila mtu anakimbilia ndani, yeye ndipo anatoka. Anavaa koti la plastiki, anachukua msumeno wa mkono, anakwenda kukata boti katikati ya manyunyu, kwa sababu vumbi likilowa haliruki. Wageni waliopita barabarani walimwona mzee anakata boti kwenye mvua, mahali pasipo na ziwa, wakaniuliza kama ana akili timamu. Nikawajibu, ninyi nguo zenu zinawawasha? Haziwawashi? Basi nyamazeni.

Tatizo lilikuwa kipupwe. Mwezi wa sita na wa saba mvua hakuna, kuna baridi tu na ukungu. Hapo alimwaga maji kwa kopo, akate kidogo, amwage tena. Maji ya Makambako asubuhi hizo yanauma mfupa. Vidole vikifa ganzi, aliacha kopo akakata kavukavu, ila alingoja upepo ugeuke uende porini. Aliulinda mji wote na vumbi lake, isipokuwa pua yake mwenyewe. Kitambaa cha kufunika mdomo alikuwa nacho, lakini kilikaa kidevuni. Ukipita karibu anakufokea, "Ziba pua!" Wewe unaziba, yake iko wazi. Nikamwambia, "Fundi, hicho kitambaa ni cha kuzuia ndevu?" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha.

Alikuwa mtu wa vituko hivyo. Mwunda maboti, lakini kuogelea hajui. Mtu wa ziwani, lakini samaki hali. Ukimpelekea usipa anageuza uso. Baridi anailalamikia tangu asubuhi, masweta mawili, ukimwambia arudi kwao kwenye joto anasema huko maboti yanamwangalia.

Na alikuwa na balaa lake la majina. Wavuvi huandika majina kwenye maboti yao, na Fundi alipokata hakuyajali, alifuata mkunjo wa faiba tu. Mlango wa choo cha soko letu ulitoka kwenye boti liitwalo SUBIRA, na neno lote likabaki pale mlangoni. Watu walipanga foleni wamebana miguu, wanalisoma, wanalaani. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilitokea Njombe. Mama mmoja mfugaji alinunua hori lililokatwa kutoka boti la MCHUNGAJI MWEMA. Neno la pili lilikwenda kwenye hori jingine, la kwake likabaki na la kwanza. Mchungaji wake akaja kumwombea mifugo, akakuta nguruwe wameingiza pua zao kwenye MCHUNGAJI. Yule mama alitaka ardhi immeze. Fundi akaitwa. Alipanda gari mpaka Njombe na kopo la rangi, akakuta mchungaji amekaa anamsubiri.

"Baba Mchungaji, nisamehe," akamwambia. "Lakini si linawalisha?"

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Akamkataza kupaka rangi. Nasikia hori lipo mpaka leo.

Nayasema ya kuchekesha kwa sababu ya kifua sipendi kuyasema. Kikohozi chake kilianza kama cha kila mtu wa kipupwe, kisha kipupwe kikapita chenyewe kikabaki. Ikafika mahali nikawa nasikia kikohozi kinatoka uani, namimina chai, na chai inakuwa imepoa kabla hajafika, na uani kwake na kibandani kwangu ni hatua chache. Alikwenda hospitali. Wakamwambia vumbi limeingia mapafuni, lile la zamani halitoki, aache kukata ili lisiongezeke. Alirudi akaniambia yote bila kuficha, akanywa chai amesimama, akachukua msumeno.

Nilimgombeza kila siku. Nilimwambia, "Siku utakayoacha, nataka uje ukae kwenye benchi hili kama binadamu."

"Nitakaa."

"Lini?"

"Boti la mwisho."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Mimi, "Lini?" Yeye, "Boti la mwisho." Nilianza kuyachukia malori ya vyungu. Kila lori lilipopiga kona nilitazama juu kama kuna boti, na likiwepo moyo ulinishuka. Wakati huohuo niliomba yaje upesi, yaishe, mtu huyu akiwa bado anapumua.

Likaja. Nililijua kwa uso wake. Akina mama tulikuwa tunachagua vyungu, naye akasimama kando, hakusogea. Lilikuwa boti dogo la buluu, ubavuni limeandikwa MJUKUU. Mvuvi aliyelinunua alisikia yale maneno ya "mjukuu wako atalivulia", akaona hilo ndilo jina. Mvuvi alishakufa. Mjukuu aliliona boti limepasuka tumbo, akaenda kutafuta kazi kwingine.

"Ndilo lenyewe?" nikamuuliza.

"Ndilo lenyewe. Ufukweni hakuna tena la kwangu."

Nikafurahi, nikasema moyoni bado moja tu. Mvua ilinyesha siku ya pili yake, mchana. Akatoka na koti lake la plastiki na msumeno. Mimi nilikuwa kibandani nasukuma chapati, nikawa nasikiliza. Msumeno ukalia kidogo, ukanyamaza. Ukalia, ukanyamaza. Mara nikawa sisikii msumeno wala kikohozi. Nikaacha chapati ikaungua. Nikamkuta amelala kifudifudi juu ya ukingo wa boti, mdomo wazi, anatafuta hewa na haipati, mvua inampiga mgongoni. Msumeno umeingia kwenye faiba kina cha kidole.

Nilimwinua, nikamkalisha kwenye tofali, nikamsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi. Halafu hofu yangu ikageuka hasira. "Utakufa hapa juu ya boti, Fundi! Na atakayekuja kukuokota ni mimi!"

"Limebaki hili tu," akasema. Alilisema kwa vipande, neno moja, pumzi, neno jingine. "Nimeapa."

"Mzee uliyemwapia naye ameshazikwa!"

"Ndiyo maana."

Nikashika msumeno nikakata mimi. Nilikata kwa hasira, mikono ikafa ganzi, nikatazama, nimesogea upana wa kiganja. Yeye ananiangalia kutoka kwenye tofali, ananiambia, "Binti, unakata mkate?" Anakosa hewa na bado ana utani! Nikautupa msumeno matopeni. Magunia yangu ya mkaa yalikuwa yanalowa pale uani, nikawaita akina mama wawili wa sokoni, tukalishika lile boti, tukalibinua juu chini juu ya magunia. "Haya," nikamwambia, "leo limepata kazi. Linazuia mvua. Twende ndani."

Aliliangalia kwa muda mrefu. Hakuja ndani. Alikwenda zake kwa mwendo wa pole, chai yake sikuimimina.

Juma lililofuata niliugua, sikufungua kibanda. Niliporudi uwanja ulikuwa mtupu. Magunia yangu yamepangwa vizuri chini ya bati, boti halipo, Fundi hayupo. Wakaniambia binti yake amekuja na gari kumchukua, amempeleka kwake kijijini Kitandililo, pamoja na boti na vigingi vilivyokuwa vimebaki. Hakuniaga. Iliniuma, nasema wazi. Nilijiambia amekwenda kulimalizia huko nisikomwona, ili nisimpigie kelele. Kwa miezi nilimsubiri mtu wa kuniletea habari ya msiba.

Nilimwona mara moja tu tena kabla hajafariki. Binti yake alipita sokoni, akaniambia, "Baba anakuulizia. Anasema uje na chai." Nikajaza chupa ya chai ya tangawizi, nikafunga chapati, nikachukua bodaboda mpaka Kitandililo. Njiani nilipanga maneno makali, kwa sababu ya kutoagwa. Nilipofika nikaliona boti kabla sijamwona yeye, maneno yote yakanitoka.

Lilikuwa zima, limebinuliwa juu chini vilevile tulivyolibinua siku ya mvua. Limewekwa juu ya vigingi vyake, vile vilivyotokana na maboti mengine, na limekuwa paa. Ufa wa tumboni umezibwa. Pale tulipokata, mimi na yeye, pamebaki kama palivyokuwa. Jina MJUKUU limesimama kichwa chini. Humo ndani kulikuwa na mbuzi, wanapigana pembe, wanalia, kelele tupu.

"Kamwene, Fundi," nikamsalimia.

"Kamwene, binti." Alikuwa mlangoni mwa nyumba ya binti yake, sweta moja tu, safi. Alikuwa amekonda. Alizungumza maneno machache, akapumzika, akaendelea.

"Na kiapo?" nikamuuliza.

"Nimekivunja."

"Kwa sababu ya kifua?"

"Kifua hata kingenimaliza, nisingejali. Ni wewe, ulivyolibinua. Nimeyakata miaka yote hiyo. Sikuwahi kuligeuza hata moja nikaona lina nini chini yake."

Nikaliangalia boti. "Sasa lina sura yake yote. Halikusemi?"

"Linanisema," akajibu. Akangoja pumzi. "Ila mbuzi wanapiga kelele, sisikii."

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapohapo, nikayafuta kwa kanga nikasingizia moshi, na moshi haukuwepo. Ukutani palikuwa na benchi. Nikakaa, nikafungua chupa, nikamimina kikombe mpaka juu. Nilimnyooshea akiwa amesimama, maana ndivyo nilivyozoea. Hakukipokea. Kwanza alijipangusa suruali, mbele na nyuma, kwa viganja vyote viwili, na vumbi halikuwepo. Kisha akashika ukuta, akashuka taratibu, akakaa.

Benchi lilikuwa fupi. Bega lake likagusa langu likabaki hapo. Nilingoja kuwashwa, kwa mazoea. Sikuwashwa.